Sumaku, Ubongo na Mfuko wa Umma

Baada ya Michael Faraday kubainisha mjini London, mwaka 1831, kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu nayo, haikuwa ajabu kwamba walitokea wataalamu waliotaka kuufikia ubongo kwa njia hiyo hiyo, pasipo kisu wala dawa. Mwaka 1896, huko Paris, Arsène d'Arsonval aliviingiza vichwa vya watu ndani ya msokoto mkubwa wa waya, nao wakaona vimulimuli vya nuru hali hakuna taa iliyowashwa. Na mwaka 1902, huko Vienna, Adrian Pollacsek na Berthold Beer waliomba hataza ya chombo cha kutibu sonona kwa sumaku. Nia ilikuwapo, lakini ala za zama zile zilikuwa dhaifu.

Ala iliyofaa ilipatikana Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, kwa juhudi za Anthony Barker na wenzake. Walikusanya umeme mwingi na kuuachia kwa ghafla katika msokoto wa waya uliowekwa juu ya kichwa cha mtu aliye macho. Ulisikika mlio mkavu, na papo hapo, msokoto ukiwa upande wa kushoto, mkono wa kulia ukashtuka wenyewe, pasipo maumivu yaliyokuwa yakiwapata wale waliopitishiwa umeme katika ngozi ya kichwa. Miaka kumi baadaye, Mark George na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walieleza habari za wagonjwa sita, ambao sonona yao ilikuwa imezishinda dawa, waliotibiwa hivyo kila siku, na baadhi yao wakapata nafuu.

Hapo ndipo suala la fedha lilipodhihiri. Kampuni ya Neuronetics iligharimia jaribio la wagonjwa 301, lililochapishwa mwaka 2007, na mwaka 2008 mamlaka ya Marekani ikaruhusu mashine yake itumike. Na ni insafu kukiri kwamba bila ya mtaji huo huenda tiba hii isingeyafikia mahospitali upesi. Hata hivyo, mwenye kuuza hawezi kuwa shahidi pekee wa bidhaa yake, na kwa sababu hiyo taasisi ile ya umma ikalipia jaribio jingine, la wagonjwa 190, nusu yao wakiwekewa chombo kilicholia bila ya sumaku kupenya. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba walioondokewa na sonona ni 14 katika kila mia ya waliotibiwa kweli, na 5 katika mia ya wenzao: hesabu ndogo, lakini yenye kuaminika.

Dalili kubwa zaidi ya faida ya mfuko wa umma ilitoka Kanada mwaka 2018, ambako fedha za taifa za utafiti wa afya ziliwezesha wagonjwa 414 kugawanywa, wengine wakitibiwa dakika 37 na nusu kila siku, wengine dakika tatu na kitu tu. Na ikathibitika kwamba muda mfupi haukuzidiwa na mrefu. Mashine moja, basi, yaweza kuhudumia watu wengi zaidi kwa siku. Faida ya jibu la namna hii ni ya mgonjwa anayengoja zamu yake kabla ya kuwa ya muuzaji, na kwa hiyo ni wajibu wa kila hazina ya serikali kutenga fungu la kulitafuta.