Ulimwengu wa Pili, Sura Zile Zile

Tarehe 6 Oktoba 1967 televisheni ya Marekani ilionyesha "Mirror, Mirror", hadithi ya Jerome Bixby katika mfululizo wa Star Trek. Dhoruba ya angani iliwatupa Nahodha Kirk na wenzake watatu katika ulimwengu wa pili. Chombo kilikuwa kile kile na sura zile zile, bali shirikisho la amani lilikuwa dola ya mabavu, na afisa alipanda cheo kwa kumwua mkubwa wake.

Mwaka 1970, miaka 25 baada ya vita kuu kwisha, Waingereza walitazama "Inferno" ya Don Houghton katika mfululizo wa Doctor Who. Humo nchi yao wenyewe ilikuwa jamhuri ya kifashisti. Brigedia mwungwana alikuwa dhalimu aliyefunika jicho moja, na mwanasayansi Liz Shaw alikuwa askari wake mtiifu.

Yafaa msomaji atambue kuwa watungaji hawa hawakuuweka uovu katika damu. Waliuweka katika sheria na desturi zilizoutunukia ukatili vyeo. Kwa hiyo hawakufunga mlango wa toba. Spock wa dola ile, alipoambiwa na Kirk kuwa dhuluma haina akili wala maisha marefu, aliahidi kulifikiri jambo hilo. Shaw naye alimpiga risasi mkubwa wake, si kwa tamaa ya cheo, bali ili Daktari arudi kuuokoa ulimwengu mwingine, hali ulimwengu wake yeye unateketea. Hakuna taifa lililozaliwa salama, wala mtu aliyezaliwa amepotea.