Msaidizi anayefanya kazi akiwa mbali: kumpata, kumpima na kumsimamia

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hata hivyo, wafanyabiashara wa Bukavu wamezoea siku nyingi kutegemea fimbo ya mbali. Mwenye duka la vitenge Kadutu anatuma pesa kwa komisioneri wa Kariakoo, Dar es Salaam, kisha anangoja mzigo. Mwingine ana mtu wake Dubai ama Guangzhou. Wengi walipata faida kwa njia hiyo, na wengi pia walilia.

Leo kuna kazi nyingine inayofuata njia hiyohiyo: msaidizi anayefanya kazi ya biro bila kufika kwenye biro. Anajibu mesaji za wateja, anaandika oda, anafuata mizigo, anapanga mikutano, anaweka picha za bidhaa kwenye ukurasa wa Facebook, anatunza hesabu. Anaweza kuwa Uvira, Bujumbura, Kampala, ama nyumbani kwake Bagira. Analipwa kwa mwezi, kwa saa ama kwa kazi moja moja. Swali ni lile la zamani: namna gani kumwamini mtu usiyemwona?

Kazi hii ilianzaje

Mwaka 2003 Wagiriki wawili marafiki, Odysseas Tsatalos na Stratis Karamanlis, walitaka kufanya kazi pamoja huku mmoja akiwa Marekani na mwingine Ugiriki. Kutoka hapo walianzisha kampuni ya oDesk, soko la kazi kwa njia ya intaneti. Baadaye oDesk iliungana na Elance, na mwaka 2015 jina likawa Upwork.

Soko hilo lilijaribu kutatua hofu mbili. Mwenye kazi anaogopa kulipa saa ambazo mtu hakufanya. Kwa kazi ya saa, programu yao inapiga picha ya skrini ya mfanyakazi katika kila kipande cha dakika 10. Mfanyakazi naye anaogopa kufanya kazi bila kulipwa. Kwa kazi ya bei moja, mwenye kazi anaweka pesa kwanza mahali pa katikati, nazo zinatoka kazi ikishakubaliwa. Ukiangalia vizuri, hofu hizo mbili ndizo zilezile za Kadutu na Kariakoo. Yeyote anayetafuta msaidizi wa mbali lazima azijibu zote mbili. Akijibu ya kwake peke yake, hatakaa na mtu mzuri.

Kwa nini jambo hili linagusa Bukavu

Februari 2025, AFC/M23 ilipoingia mjini, benki zilifunga milango na ndege za Kavumu zikasimama. Familia nyingi zilihama, na kati ya waliohama kuna makarani, wahasibu na masekretari waliokuwa wakifanya kazi madukani na kwenye mashirika. Wengine walibaki mjini bila kazi. Ujuzi haukupotea, ila mwenye kazi na mwenye ujuzi hawako tena mahali pamoja. Kwa mwenye duka aliyebaki, mtu aliyemjua miaka mitano na sasa yuko Bujumbura ni bora kuliko mgeni wa mtaa wa pili.

Andika kazi kabla ya kutafuta mtu

Kosa la kwanza ni kutafuta "mtu wa kunisaidia" bila kujua anasaidia nini. Mwenye duka achukue wiki moja, kila jioni aandike kwenye daftari yale yaliyomla muda: mesaji ngapi alijibu, mara ngapi alirudia bei ileile, mizigo mingapi aliulizia. Mwisho wa wiki atenge mambo mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kazi ya kurudia-rudia ambayo mtu mwingine anaweza kufanya akipewa maelezo: bei, oda, ratiba, picha. La pili ni kazi inayohitaji kuuliza kwanza: kupunguza bei, kukubali deni, kurudisha pesa. La tatu haliachwi kwa mtu: namba ya siri ya pesa ya simu, kununua mzigo mkubwa, kufukuza mteja. Msaidizi anaanza na fungu la kwanza tu. La pili linakuja kidogo kidogo. La tatu linabaki kwa mwenye mali.

Kumpata

Njia ya kwanza ni watu: mwalimu wa shule ya biashara, shirika alilofanyia mazoezi, kanisa, kikundi cha likelemba. Lakini "ninamfahamu" haitoshi. Muulize yule anayemleta: ulifanya naye kazi gani, ilichukua muda gani, na alipokosea alisema ama alificha? Swali la mwisho ndilo la maana zaidi. Mtu wa mbali akikosea na kunyamaza, wewe unajua siku ambapo mteja anakuja dukani na hasira.

Njia ya pili ni masoko ya intaneti kama Upwork. Faida yake ni maoni ya wateja waliopita na pesa kukaa katikati. Gharama yake ni kwamba soko linachukua sehemu yake, na unahitaji kadi ya benki ama njia nyingine ya kulipa ya kimataifa, jambo ambalo kwa sasa si rahisi kwa kila mtu wa Bukavu.

Kwa upande wa anayetafuta kazi, kuna onyo moja. Mwajiri wa kweli haombi pesa ya "dosye" ama ya "mafunzo" kabla ya kazi. Anayeomba hivyo anatafuta pesa yako, hana kazi ya kukupa.

Kumpima

Diplome inasema mtu alisoma. Haisemi kama anajibu mteja mwenye hasira saa ambapo mtandao unasuasua. Kwa hiyo mpe jaribio dogo linalofanana na kazi yenyewe, na ulilipe, hata kama ni kidogo. Jaribio la bure linafukuza watu wazuri.

Mfano: mtumie mesaji tano za wateja, bila majina wala namba zao, umwombe aandike majibu.

"Mama, ile kitenge ya bulu ni ngapi? Mutaniletea mpaka Bagira?"

"Mzigo haijafika, na franga nilishatuma."

Angalia mambo matatu. Je, ameuliza alipokosa habari, ama amebuni bei? Je, aliyelalamika amejibiwa kwa heshima bila kuahidiwa kitu kisicho hakika? Je, kazi imerudi saa mliyokubaliana, na kama imechelewa, alitoa habari kabla? Mwenye kuuliza "kitenge ya bulu ipi, ziko mbili?" amefaulu kuliko mwenye Kifaransa kizuri aliyetaja bei ya kichwani.

Funguo za nyumba

Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Msaidizi anahitaji kuingia, lakini si lazima apewe ufunguo wa nyumba nzima.

Kwenye WhatsApp, simu kuu inabaki mkononi mwa mwenye biashara. Inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi 4, kwa hiyo msaidizi anajibu kutoka kompyuta yake. Siku ya kuachana, mwenye simu anafungua orodha ya vifaa na kumtoa kwa dakika moja. Simu kuu isipotumiwa kwa siku 14, vifaa hivyo vinatoka vyenyewe. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inaongeza orodha ya bidhaa na majibu yaliyotayarishwa, na kuipakua ni bure.

Kwenye ukurasa wa Facebook, usitoe neno la siri. Mwongeze msaidizi kwa akaunti yake mwenyewe na umpe kazi za kiasi fulani, kwa mfano kuandika na kujibu tu. Kwenye majedwali ya Google ni vilevile: kuna ruhusa ya kusoma tu na ruhusa ya kuhariri, na zote zinaweza kuondolewa.

Namba ya siri ya Airtel Money, Orange Money ama M-Pesa haitolewi kwa msaidizi, hata kwa siku moja ya ugonjwa. Kodi inayokuja kwa mesaji wakati wa kufungua akaunti pia haitumwi kwa mtu yeyote.

Tena, namba za wateja si mali ya kuchezea. Kongo ina Sheria ya Digitali, yaani Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023, inayohusu pia habari binafsi za watu. Msaidizi aambiwe wazi kwa maandishi: orodha ya wateja haitoki.

Mkataba na malipo

Kama mtu anafanya kazi chini ya amri yako kila siku kwa mshahara, huyo ni mfanyakazi hata kama hujawahi kumwona. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaruhusu muda wa majaribio usiopita miezi 6, na mwezi 1 kwa kibarua asiye na ujuzi maalum. Mkataba usipoandikwa, kazi inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho mpaka uthibitishe kinyume. Mfanyakazi wa namna hiyo anaandikishwa pia kwenye CNSS. Anayelipwa kazi moja moja na kujipangia saa zake yuko katika hali nyingine, lakini naye anahitaji karatasi. Mtu akiishi nchi nyingine, sheria ya huko inaweza kuingia pia.

Karatasi hiyo iseme: kazi zipi, siku na saa zipi, malipo kiasi gani, kwa dola ama kwa franka, na kwa kiwango gani cha kubadilisha. Iseme nani analipa gharama ya kutuma pesa. Iseme mega za intaneti zinatolewa mbali na mshahara, kwa sababu msaidizi anayenunua mega kwa chakula cha watoto ataanza kuzibana, na wateja ndio watakaokosa majibu.

Mwezi wa kwanza ni vizuri kulipa kila wiki mbili, ili hasara isiwe kubwa kwa upande wowote. Siku ya malipo isiruke. Mwajiri wa mbali anayechelewesha pesa bila kusema anafanana na msaidizi anayezima simu.

Kusimamia kila siku

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua jedwali moja ambalo nyote wawili mnaliona: tarehe, mteja, oda, bei, kimelipwa ama bado, kimefika ama bado. Kila jioni msaidizi anatuma mistari mitatu: kilichomalizika, kilichobaki, kinachohitaji uamuzi wa patroni. Mwenye duka anajibu usiku huohuo. Ripoti isiyojibiwa wiki mbili huacha kuandikwa.

Saa zinapoteza watu wengi. Saa 3 asubuhi ya Bukavu ni saa 4 Dar es Salaam, na Kinshasa bado ni saa 2. Tena "saa 2" kwa Kiswahili ni asubuhi, lakini mwenye kufikiri kwa Kifaransa anaweza kungoja mchana. Dawa ni kuandika namna moja siku zote: "8h00, saa ya Bukavu."

Namba nazo zina mtego. Mtu wa Bukavu akiandika 1.500 anamaanisha elfu moja na mia tano. Kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, inasoma moja na nusu. Hesabu ya mwezi mzima inaweza kuharibika kwa nukta moja. Kubalianeni: kwenye jedwali, namba inaandikwa 1500, bila nukta wala koma.

Umeme ukikatika, kila mtu ajue la kufanya kabla haujakatika. Msaidizi atume neno moja kwa mesaji ya kawaida ya simu, isiyohitaji intaneti: "sina umeme". Kimya kirefu kuliko saa mlizokubaliana, mwenye duka anashika wateja mwenyewe. Na siku za risasi, usalama wa mtu unatangulia oda. Hilo pia liandikwe, ili asitoke nje kutafuta mtandao kwa kuogopa kufukuzwa.

Kuachana vizuri

Si kila msaidizi atabaki. Siku ya mwisho fuata mpango: toa vifaa vyake kwenye WhatsApp, ondoa ruhusa zake kwenye Facebook na majedwali, badilisha maneno ya siri, pokea orodha ya oda zilizobaki, kisha mlipe pesa yake yote. Kumnyima mshahara wa mwisho "mpaka tuone" kunamfanya adui mtu anayejua wateja wako wote.

Fimbo ya mbali, basi, bado haiui nyoka kwa kurushwa tu. Kinachofanya kazi ni daftari linaloonekana na watu wawili, funguo zinazotolewa moja moja, na malipo yanayofika siku yake. Mwenye duka anayeanza aanze na kazi moja, wiki mbili, na mtu mmoja. Kama wiki ya tatu amelala usiku bila kushika simu kila dakika kumi, amempata mtu.