Makavazi ya Nyeri: Mahakama ya wenyeji iliyogeuka hazina ya historia

MSAFIRI atokaye Karatina kuelekea mji wa Nyeri hupita Gatitu, kituo cha njia panda ambacho jina lake katika Kikuyu lina maana ya kimsitu, au msitu mdogo. Msitu wenyewe ulitoweka zamani. Yaliyobaki ni maduka, mashamba na pilikapilika za matatu. Akiendelea mbele kuelekea mjini, atafika Ruring'u, na hapo kuna nyumba ya kale ambayo wengi wa abiria huiacha nyuma bila hata kugeuza shingo. Nyumba hiyo ndiyo Makavazi ya Nyeri, mojawapo ya vituo vinavyosimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. (Ndugu zetu wa Tanzania huita mahali kama hapa makumbusho, na baadhi ya Wakenya nao hutumia neno hilo.)

Mgeni anayezoea makavazi ya Nairobi, yenye kumbi pana na ndege waliokaushwa kwa mamia, huenda akaona udogo wa jengo hili na kudhani hapana la kutazama. Hiyo ni dhana potofu. Huku Ruring'u, kitu cha kwanza cha maonyesho ni jengo lenyewe, na asiyejua lilikuwa nini atatoka akiwa ameona nusu tu ya alichokuja kuona.

Jengo lilisimamishwa katika miaka ya 1920 liwe mahakama ya wenyeji. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mahakama za namna mbili. Wazungu na kesi kubwa za jinai zilikuwa na mahakimu wao waliofuata sheria ya Kiingereza. Waafrika, kwa mambo yao ya kila siku, walipelekwa mbele ya wazee waliohukumu kwa mila, chini ya jicho la mkuu wa wilaya. Humu ndimu yalimosikizwa mashauri ya mahari, ya madeni ya mbuzi na ng'ombe, na hasa ya ardhi. Mbari moja ilishtaki nyingine juu ya mpaka wa githaka, yaani shamba la ukoo, na kwa kuwa hapakuwa na hati wala ramani, ushahidi ulikuwa kumbukumbu za wazee: nani alifyeka msitu huu kwanza, nani aliyempokea nani kama mpangaji.

Palipokosekana shahidi, kiapo kilichukua nafasi yake. Wakikuyu walikuwa na viapo vya daraja mbalimbali. Kwa mashauri madogo palikuwa na muma. Kwa makubwa palikuwa na kuringa thenge, ambapo mwapaji alimpiga beberu akijiapiza kwamba apondwe vivyo hivyo ikiwa amesema uongo. Na juu ya vyote palikuwa na githathi, jiwe lenye matundu lililoogopwa kiasi kwamba watu hawakulikaribia pasipo sababu. Wanahistoria wa mila hizi, akiwemo Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938, wameeleza kwamba kiapo kilikuwa na nguvu kwa sababu laana yake iliaminika kuangukia ukoo mzima.

Mgeni asipolielewa hilo, hawezi kuelewa sehemu ya pili ya maonyesho, ambayo inahusu vita vya Mau Mau. Kiapo hicho hicho ambacho serikali iliheshimu kilipoamua mpaka wa shamba, kilikuwa kosa la jinai kilipowaunganisha watu kudai ardhi iliyotwaliwa na walowezi. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950, Hali ya Hatari ikatangazwa Oktoba 20, 1952, na katika miaka iliyofuata kulisha watu kiapo kikawa miongoni mwa makosa yaliyompeleka mtu kwenye kitanzi. Kwa hesabu ya mwanahistoria David Anderson, watu 1,090 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na vita hivyo.

Kuna wageni wanaodhani kwamba Dedan Kimathi alihukumiwa katika jengo hili. Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956, kwenye ukingo wa msitu wa Aberdare, na kesi yake ilisikizwa mjini Nyeri Novemba mwaka huo huo. Lakini ilikuwa kesi ya mahakama ya juu ya koloni, wala wazee wa mahakama ya wenyeji hawakuwa na mamlaka juu yake. Shtaka lililomtia hatiani lilikuwa la kupatikana na bastola. Alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957, akazikwa pasipo alama, na kaburi lake halijajulikana hadi leo. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 akiwa bado anadai mabaki ya mumewe.

Mandhari ya karibu nayo yana habari zake. Ni katika uwanja wa michezo wa Ruring'u ambamo, Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, wapiganaji walitoka msituni wakiwa na nywele ndefu na mavazi ya ngozi, wakakabidhi silaha zao kwa serikali mpya.  Silaha nyingi za wapiganaji zilikuwa za kujiundia: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa cha kufyatulia, na ukanda wa mpira ukachukua nafasi ya springi. Bunduki ya namna hiyo iliweza kumuua adui, na mara nyingine ilimlipukia mwenye kuishika. Anayeitazama silaha kama hiyo na akumbuke kwamba wenzao wa upande wa pili walikuwa na ndege za kudondosha mabomu juu ya Aberdare.

Mambo ya utamaduni yanahitaji subira zaidi, kwa kuwa mtu wa Nyeri huyaona na kusema, "Hiki hata kwa nyanya kipo." Basi na aulize maswali. Kiondo cha zamani hakikusukwa kwa nyuzi za dukani. Kilitokana na magome ya kichaka kiitwacho mugio, yaliyotafunwa na kusokotwa pajani. Pombe ya muratina ilichachushwa kwa tunda la mti wa mwegea, asali na maji, na bila hiyo hapakuwa na posa iliyokamilika. Mwalimu anayewaleta wanafunzi hapa na kuwapitisha mbiombio mbele ya vyombo hivi wakinakili majina daftarini anawanyima faida. Heri shule moja imlete na mzee wa kijiji, maana wale waliotumia vyombo hivi kwa mikono yao wanazidi kupungua kila mwaka, na maandishi ya ukutani hayana nafasi ya kueleza kila jambo.

Lipo pia lisiloonekana. Utafiti uliofanywa na Makavazi ya Kitaifa pamoja na washirika wa Ulaya ulihesabu zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za nje ya nchi, nyingi zikiwa za Ulaya na Marekani. Matokeo yake yalionyeshwa Nairobi mwaka 2021 pamoja na makabati matupu, ili watazamaji wauone upungufu wenyewe.

Historia ya Nyeri inagusana na jambo hilo kwa njia ya ajabu. Kituo cha kijeshi kilichozaa mji huu kilianzishwa mwaka 1902 baada ya mashambulizi dhidi ya watu wa Tetu, ambapo afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen alishiriki. Ni afisa huyo huyo aliyemuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, Oktoba 19, 1905, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Fimbo za uongozi za Koitalel zilikaa Uingereza kwa karne nzima hadi familia ya afisa huyo iliporudisha mwaka 2006. Zimepewa makao Nandi. Alichochukua mtu kutoka Tetu, kama alichukua, hapana fimbo iliyorudi kutusimulia.

Anayetaka elimu ya maumbile, yaani visukuku, nyoka na ndege, hana budi kufunga safari hadi Nairobi. Makavazi ya huko yana chimbuko lake katika chama cha wapenda maumbile kilichoanza mkusanyo wake mwaka 1910. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, na baada ya uhuru likawa la kitaifa. Humo ndimo kuna mifupa ya mvulana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita.

Kwa atakayekwenda Ruring'u, matatu za kati ya Gatitu na mjini humshusha karibu. Ada hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni, na watoto hulipa kidogo kuliko watu wazima. Malipo ya vituo vya Makavazi ya Kitaifa hupitia mtandao wa eCitizen, hivyo simu iwe na chaji. Atenge angalau saa moja na nusu. Asubuhi ni bora, kwa sababu alasiri mvua za Mlima Kenya hazina miadi, na kwa sababu baada ya hapo atapata muda wa kufika katika makaburi ya St Peter's mjini, alikozikwa Baden-Powell, mwasisi wa maskauti, Januari 1941. Kaburi hilo lina jiwe na jina, na wageni kutoka kila pembe ya dunia hulizuru.