Sufu ya Kondoo, Sufi ya Mti

Waarabu wana neno suf, yaani manyoya ya kondoo. Kiswahili kililipokea kikaligawa mawili: sufu ikabaki kwa kondoo, sufi ikapanda mtini. Kwa nini? Kondoo wa huku kwetu Mkunya manyoya yake mafupi kama ya mbuzi, huwezi kuyasokota uzi. Lakini tunda la msufi likipasuka, ndani mna weupe laini wa kujaza mito na magodoro.

Mwaka 1876 Askofu Steere alileta Masasi watumwa walioachwa huru, na Biblia ikaja. Isaya 1:18 inafananisha dhambi zilizosamehewa na sufu. Hebu jiulize, msikilizaji wa huku aliona nini moyoni? Nadhani msufi. Basi ukimsikia bibi akisema "sufi" badala ya sufu, usimcheke. Anataja weupe alioushika kwa mikono yake.