Nyimbo Mpya kwa Mkono wa Msafiri

Sisi tuliofika hapa Uingereza miaka ya 1990 tunakumbuka vizuri jinsi mgeni kutoka nyumbani alivyopokelewa. Akishakaribishwa, akanywa chai na kufikisha salamu za wazee, sanduku lilifunguliwa. Zilitoka kanga za akina mama, kahawa, dagaa waliofungwa mara tatu wasinuke, na mwisho kabisa, zikiwa zimeviringishwa ndani ya nguo, zilitoka kaseti. Hapo sisi vijana wa wakati ule tulisogea karibu. Swali letu lilikuwa moja tu: "Kuna nini kipya?"

Katika makala hii tunapenda kukumbushana jinsi nyimbo za kizazi kipya zilivyotufikia ughaibuni. Historia hiyo imeandikwa kidogo, na sehemu yake kubwa imo majumbani mwetu, ndani ya maboksi. Tunataka pia kusema jambo ambalo hatupendi kulisema: katika kugawana nyimbo hizo tuliwafaa wasanii wetu, na tuliwadhulumu vilevile.

Kupelekeana nyimbo mpya ng'ambo ya bahari si jambo la jana. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi taarab, na santuri zake zikarudi na kusambaa katika mwambao wetu. Lakini santuri ilichapwa kiwandani, na gramafoni ilikuwa ya wachache. Kaseti ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilipoenea, mtu yeyote mwenye redio ya deki mbili aliweza kunakili wimbo sebuleni kwake. Tukawa wasikilizaji, na papo hapo wasambazaji.

Muziki wa rap kwa Kiswahili ulizaliwa katika mazingira hayo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alichukua midundo ya Wamarekani, ukiwemo ule wa Vanilla Ice, akatia maneno ya Kiswahili, na kaseti yake ikazunguka mikononi mwa watu. Wakati ule Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam, na muziki wa vijana haukupewa nafasi kubwa. Mwaka 1993 makundi kadhaa ya vijana wa Dar es Salaam yaliungana yakawa Kwanza Unit. Mwaka uliofuata Radio One ikaanza kurusha matangazo, na vijana wakapata mlango. Wengi humtaja Mike Mhagama, mtangazaji wa redio hiyo, kuwa ndiye aliyeupa muziki huu jina la Bongo Flava mwaka 1996.

Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, ambaye baadaye tulimjua kama Mr II, alitoa albamu ya Ni Mimi. Wimbo wake Hali Halisi wa mwaka 1998 ulieleza maisha ya mtaani, polisi na wanasiasa kwa lugha iliyoeleweka hata na bibi. Hard Blasters walikuja na Funga Kazi mwaka 2000, na mwaka mmoja baadaye Professor Jay akatoa Machozi, Jasho na Damu. Ndani yake ulikuwamo Ndio Mzee, wimbo unaomcheka mwanasiasa mwenye ahadi zisizokwisha. Wote wawili baadaye waliingia bungeni, Mbilinyi mwaka 2010 na Professor Jay mwaka 2015. Ndugu zetu wa Kenya nao walikuwa na Kalamashaka wa Dandora, na mwaka 2002 wimbo wa Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji ulikuwa kama wimbo wa uchaguzi ulioiondoa KANU madarakani. Sisi tulioko mbali tulifuatilia uchaguzi ule kwa kupigiana simu na kwa wimbo ule.

Je, nyimbo hizo zilitufikaje? Njia ya kwanza ilikuwa kaseti ya dukani, yenye picha na majina. Njia ya pili, ambayo ndiyo tuliyoipenda zaidi, ilikuwa kaseti iliyorekodiwa na ndugu moja kwa moja kutoka redioni. Mdogo wako alikaa karibu na redio jioni nzima, kidole juu ya kitufe, akisubiri. Kwa hiyo kaseti ile ilibeba wimbo, sauti ya mtangazaji akiukata katikati, tangazo la sabuni, salamu za wasikilizaji, na wakati mwingine jogoo wa jirani. Kaseti ya dakika 90 iliingiza nyimbo 20 hivi. Nyuma ya jalada mdogo wako aliandika kwa kalamu ya wino jina la kila wimbo na la mwimbaji, na pengine maneno machache: huu wa nne ndio unaotikisa huku.

Ikishafika, haikukaa kwa mtu mmoja. Mwenye deki mbili alinakili kwa ajili ya wa Leicester, wa Leicester akanakili kwa ajili ya wa London. Kila nakala ilizidi kuvuma, na nakala ya tano ilikuwa mvumo mwingi kuliko wimbo. Kaseti ilipofyatua utepe tuliuzungusha kwa kalamu. Ili mtu asije akarekodi juu yake, tulivunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo ukingoni. Kwenye harusi na sikukuu za Idi na Krismasi, aliyekuja na kaseti mpya alipewa heshima ya pekee. Na hapakuwa na wimbo uliokuja bila mtu. Ulijua nani ameuchagua, nani ameubeba na nani amekuazima.

Sasa tuseme ule upande mwingine. Msanii aliyetoa jasho studio hakupata senti kutokana na nakala zetu. Nyumbani hali ilikuwa ngumu tayari. Wengi waliuza albamu zao kwa wasambazaji kwa malipo ya mara moja, na hawakuwa na njia ya kujua ni kaseti ngapi zilizochapwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, ambayo iliunda COSOTA, lakini sheria ni kitu kimoja na soko ni kitu kingine. Sisi huku, wenye mishahara ya pauni, tungeweza kununua. Tulisema kwamba hakuna duka linaloziuza, na ni kweli hayakuwapo. Lakini tuliweza kumpa msafiri pesa anunue kaseti kumi halali, na badala yake tulimwagiza moja tukatoa nakala kumi. Wenyewe tuliona ni ukarimu. Tulikuwa wakarimu kwa mali ya mtu mwingine.

Kisha ikaja CD ya kompyuta. Miaka ya 2000 mtu aliweza kubana nyimbo 150 katika sahani moja, nazo zikasikika vizuri, bila mvumo. Tulifurahi mno. Ndipo tukapata Juma Nature na Lady Jaydee, Mr Nice na mtindo wake wa Takeu, na X Plastaz wa Arusha, ambao mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitolewa na kampuni ya Ujerumani, Out Here Records. Lakini angalia tulichopoteza. Sahani zile ziliandikwa kwa kalamu nene "Bongo Mchanganyiko 3", basi. Ndani yake nyimbo zilikuwa namba tupu. Wimbo wa mtu ulipewa jina la mwingine, na kosa likanakiliwa pamoja na wimbo. Nyimbo zilizidi, majina yakapungua. Hata leo, tunaposikiliza kwa simu, wapo waimbaji wa miaka ile tunaojua sauti zao lakini hatujui waliitwa nani.

Inafaa tutazame pia wale ambao hawakusubiri studio kubwa. Katika mitaa ya Dar es Salaam mchiriku ulipigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na ngoma, ukauzwa kwa kaseti mitaani bila kutegemea redio. Mdogo wake ni singeli, muziki wa kompyuta wenye kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, uliokulia katika vigodoro vya usiku na kugawanywa kwa kadi za simu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio moja ya Mburahati, na muda si mrefu wapigaji wa singeli wakawa wanaalikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Tulishangaa kuona Wazungu wakiruka kwa muziki ambao wengi wetu tuliudharau kuwa wa wahuni. Safari hii nyimbo mpya kutoka nyumbani ziliwafikia wenyeji wetu kabla ya kutufikia sisi.

Basi tufanye nini? Utepe wa kaseti hauishi milele. Zipo zilizoshika ukungu, zipo zilizonata, na redio za kuzisomea zinazidi kuadimika. Kaseti zile za redioni hazikuchapwa popote. Ile unayoiona ni takataka huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki ya wimbo fulani, au ya sauti ya mtangazaji fulani usiku fulani wa mwaka 1997. Tulipozinakili bila kulipa hatukukusudia kuweka kumbukumbu, lakini ndivyo ilivyotokea. Tuna mali ya watu mikononi mwetu, na mali ya watu hurudishwa.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, toeni maboksi, na kabla ya kusikiliza kitu chochote andikeni majina: nani anaimba, nani alirekodi, nani alileta na mwaka gani. Waulizeni kaka na dada zenu wakubwa wangali wanakumbuka. Pili, zihamishieni kwenye kompyuta, tena kaseti nzima, pamoja na tangazo la sabuni na jogoo. Tatu, mkimjua msanii aliye hai, mpelekeeni nakala ya kazi yake. Wapo ambao hawana hata moja. Na kama bado anaimba, mnunulieni kazi yake mpya na mwende kwenye onyesho lake mkalipie mlangoni.

Kwenye mkutano wetu ujao tutaleta redio ya deki mbili inayofanya kazi. Kila mwenye kaseti aje nayo, pamoja na kalamu ya kuandikia.