Soriasisi: Safari ya Tiba Kutoka Bahati Hadi Kipimo

Soriasisi ni ugonjwa sugu ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huishambulia ngozi yenyewe, ikaifanya ivimbe na kuzalisha seli kwa kasi isiyo ya kawaida hata yakatokea mabaka mazito yenye magamba. Ingawa hauambukizi, kwa karne nyingi ulichanganywa na ukoma, na wagonjwa wake wakatengwa, mpaka Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoyatofautisha waziwazi maradhi hayo mawili katika karne ya 19.

Baadhi ya tiba zake kuu ziligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1951, Richard Gubner na wenzake nchini Marekani waliwapa wagonjwa wa baridi yabisi aminopterini, dawa inayozuia seli kugawanyika, wakaona mabaka ya soriasisi yakififia. Methotreksati, iliyo jamii moja na dawa hiyo, ingali ikitumika leo. Hata hivyo, nafuu ya wagonjwa wachache haikutosha kuthibitisha lolote, kwa kuwa soriasisi hupanda na kushuka yenyewe, na kila daktari alikuwa na namna yake ya kueleza maana ya kupona.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1978, Fredriksson na Pettersson wa Uswidi walipokuwa wakijaribu dawa ya kumeza yenye asili ya vitamini A. Waliugawa mwili katika sehemu nne, yaani kichwa, mikono, kiwiliwili na miguu, kisha kila sehemu ikapewa alama kwa wekundu, unene na magamba ya mabaka, pamoja na ukubwa wa eneo lililoathirika. Jumla ya alama huanzia 0 hadi 72, na kipimo hicho, kiitwacho PASI, ndicho kilichowezesha matokeo ya nchi mbalimbali kulinganishwa.

Thamani yake ilidhihirika katika jaribio la dawa za soriasisi liitwalo FIXTURE, lililochapishwa mwaka 2014, ambamo wagonjwa waligawanywa kwa kura, bila wao wala madaktari wao kujua nani amepewa nini. Baada ya wiki 12, alama zilipungua kwa robo tatu au zaidi kwa asilimia 77 ya waliopewa dawa ya secukinumab kwa dozi kubwa, asilimia 44 ya waliopewa dawa ya etanercept, na asilimia 5 tu ya waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kiambato chochote cha kutibu.

Lakini wiki 12 hazifichui kila hatari: efalizumab, dawa nyingine ya soriasisi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, iliondolewa sokoni mwaka 2009 baada ya baadhi ya watumiaji kupata maambukizi hatari ya ubongo.

Kasoro nyingine imo ndani ya kipimo chenyewe cha PASI, kwani wekundu unaoonekana wazi kwenye ngozi nyeupe huwa zambarau au kahawia iliyokoza kwenye ngozi nyeusi, na daktari asiyeizoea huweza kuupa ugonjwa alama pungufu. Kwa Afrika Mashariki, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi kimekuwa kikiandaa wataalamu tangu miaka ya 1990, suala hili si la pembeni. Ni haki ya mgonjwa mwenye ngozi nyeusi kuhesabiwa katika majaribio, tena kwa kipimo kinachouona ugonjwa wake ulivyo, kabla hajaambiwa kwamba dawa imethibitishwa kumfaa.