Bili ya gharama za kesi iliyocheleweshwa (Mombasa)

Bili ya gharama ni hati anayowasilisha mshindi wa kesi ya madai ili arudishiwe na mshindwa fedha alizotumia: ujira wa wakili, ada za mahakama, nakala, nauli za mashahidi, malipo ya wapimaji na wathamini. Kisiwani Mombasa hati hizi hupelekwa kwa naibu msajili wa Mahakama Kuu, si mbali na Fort Jesus na jengo la mahakama ya zamani la mwaka 1902. Yeye ndiye mkadiriaji wa gharama: hupitia kipengele kimoja kimoja, akakubali, akapunguza au akafuta.

Msingi wake ni kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai (Sura ya 21), kinachosema gharama humwendea mshindi isipokuwa mahakama ione sababu ya kuamua vingine. Viwango vimo katika Amri ya Ujira wa Mawakili ya 1962, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2014.

Kuhusu kuchelewa, Kenya na Tanzania haziendi pamoja. Amri ya Tanzania ya 2015 humpa mshindi siku 60 tangu apewe gharama, na akipitisha lazima aombe kuongezewa muda kwa sababu ya kutosha. Mshindi wa Mombasa hahesabiwi siku za namna hiyo. Wengi huchukulia hilo kuwa ruhusa ya kukaa, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kifungu cha 94 cha Sura ya 21 kinataka kibali cha mahakama ikiwa hukumu ya Mahakama Kuu itatekelezwa kabla gharama hazijakadiriwa. Kwa hiyo aliyeshinda kesi ya nyumba ya Mji wa Kale, akaiacha bili kwenye faili la wakili, huenda akajikuta ameifunga hukumu yake mwenyewe. Na hukumu nayo ina umri: Sheria ya Ukomo wa Madai (Sura ya 22) huipa miaka 12.

Ucheleweshaji mara nyingi hutokana na mambo madogo. Risiti zimepotea, mteja amebadili wakili, au ndugu warithi hawajaelewana nani alilipa nini. Katika kesi za mirathi na mipaka ya kuta za pamoja, ambazo Mji wa Kale hauzikosi, huongezeka swali la thamani. Katika kesi ya Joreth dhidi ya Kigano (2002), Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa thamani ya kitu kinachogombaniwa hutafutwa katika hati za madai, hukumu au maafikiano. Isipopatikana humo, mkadiriaji hutumia busara yake. Kungoja ripoti mpya ya mthamini miaka kadhaa baada ya hukumu si sababu ya kuaminika, kwa maoni ya mwandishi.

Baina ya wakili na mteja wake mambo ni mengine. Deni hilo ni la mkataba, na mahakama zimelihesabia miaka 6 tangu kazi ya wakili kukamilika.

Ukali wa saa huja baada ya makadirio. Aya ya 11 ya Amri ya 1962 humpa asiyeridhika siku 14 kumwandikia mkadiriaji vipengele anavyovipinga, kisha siku 14 nyingine, tangu apokee sababu za uamuzi wa mkadiriaji, kwenda kwa jaji. Sababu zikiwa tayari zimo kwenye uamuzi, majaji wamekataa hoja kwamba muda haukuanza kwenda. Jaji anaweza kuongeza muda, lakini si haki ya mwombaji. Katika shauri la Salat dhidi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) (2014), Mahakama ya Juu iliweka vigezo: mwombaji ndiye wa kueleza kuchelewa kwake, aje bila kukawia, na madhara kwa upande wa pili yapimwe.

Mfumo wa kuwasilisha hati kwa kompyuta, uliosambazwa nchi nzima Machi 2024, hunakili tarehe ya kila hati, hivyo mabishano kuhusu siku ya kuwasilisha yamepungua nguvu. Mwenye hukumu mkononi amuulize wakili wake leo kama bili imeshawasilishwa, na aombe kuonyeshwa tarehe yake.